Umeshika Namba Ngapi? Mwongozo wa Kuishi na Wasomi wa Kihindi Ughaibuni

Ukipata nafasi ya kusoma uzamili au uzamivu Marekani, hasa kwenye uhandisi au kompyuta, jiandae kuishi na Wahindi. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 wanafunzi kutoka India waliohesabiwa kwenye vyuo vya huko walifika 331,602, wakawapita Wachina kwa mara ya kwanza tangu 2009, na zaidi ya 196,000 kati yao walikuwa wa shahada za juu. Kwa hiyo mtu utakayechangia naye jiko, maabara, safari ya dukani na ugomvi wa bili ya umeme huenda akawa ametoka Hyderabad, Pune au Chennai. Ni watu wazuri kuishi nao. Watakufundisha kupika dengu, watakukopesha kitabu na kusahau kukudai, na usiku wa kuamkia mtihani hawalali mpaka wewe nawe uwe umeelewa. Lakini wametoka kwao na ngazi moja ndefu ya heshima, na usipoijua utakaa nao miaka miwili ukisikia watu wakitajiana vyuo na tarakimu, bila kutambua nani amempandisha nani na nani ameshushwa mbele ya wenzake.

Naandika mwongozo huu kwa kuwa ngazi hiyo naiona upuuzi mtupu, na pia kwa kuwa nawapenda watu wanaoipanda. Inachekesha sana kwenye vidato vya juu. Kadiri unavyoshuka chini, kicheko kinakauka.

Anza na herufi tatu

Herufi hizo ni IIT, yaani Taasisi za Teknolojia za India. Leo ziko 23. Ya kwanza ilifunguliwa Kharagpur, Bengal Magharibi, mwaka 1951, kwenye majengo ya Hijli ambako Waingereza walikuwa wakiwafungia wapigania uhuru. Waziri mkuu Nehru alitaka wahandisi wa kujenga taifa jipya, na wakubwa wa Vita Baridi wakashindana kumsaidia. Bombay iliinuliwa na Wasovieti, Madras na Wajerumani wa Magharibi, Kanpur na muungano wa vyuo tisa vya Marekani, Delhi na Waingereza. Hizo tano ndizo zinazoitwa za zamani. Guwahati ikaja 1994, na kuanzia 2008 zikamiminika nyingine, moja baada ya moja, hata mwenye IIT mpya akilitaja jina kwa fahari hukutana na swali la pili papo hapo: ipi?

Kisa cha Roorkee kinaonyesha akili ya ngazi hii. Chuo hicho kilianza 1847, miaka zaidi ya mia moja kabla ya Kharagpur, na wahandisi wake walichimba mifereji ya maji ya kaskazini mwa India. Lakini herufi tatu kilizipata 2001. Basi kwenye hesabu za heshima babu huyu anahesabiwa mdogo wa wajukuu zake, na wapo wanaolisema hilo bila kutabasamu.

Chini ya IIT ziko NIT, yaani Taasisi za Taifa za Teknolojia, 31. Kando yake wanasimama watu wa vyuo vya BITS Pilani na IIIT Hyderabad, ambao hawakubali kuwekwa chini ya mtu. Kisha vyuo vya majimbo, kisha maelfu ya vyuo binafsi vya uhandisi ambavyo majina yake hayajulikani nje ya wilaya. Utawatambua wenyewe kwa namna wanavyojitambulisha. Wa IIT atakitaja chuo chake kabla chai haijamiminwa. Wa NIT atangoja aulizwe. Wa chuo binafsi atakutajia mji. Ukisikia mtu anataja mji pale alipoulizwa chuo, usimfuate huko anakokukimbia. Muulize chakula cha mji huo. Kila mji wa India una chakula ambacho watu wake wako tayari kukipigania, na mtakuwa marafiki kabla sahani hazijaisha.

Ijue namba, na ujue ililipiwa nini

Kuingia IIT kuna mtihani, JEE. Vijana zaidi ya milioni moja hufanya hatua ya kwanza kila mwaka, na kama laki mbili na nusu wanaruhusiwa kuingia hatua ya pili. Mwaka 2024 waliofanya karatasi zote mbili za hatua hiyo walikuwa 180,200, na viti vya IIT zote vikijumlishwa vilikuwa 17,740. Kila anayefaulu hupewa namba yake kwa India nzima. Wa kwanza picha yake inabandikwa kwenye mabango barabarani na vituo vya tuisheni vinagombania kudai kuwa vilimfundisha vyenyewe. Mmoja anapata kiti cha mwisho. Anayemfuata anarudi nyumbani kuwaeleza shangazi zake.

Namba hiyo mtu anaipata akiwa na miaka 17 au 18, na anazikwa nayo. Wapo maprofesa wenye wajukuu ambao wakikutana na mtu wa chuo chao hawamalizi salamu kabla hawajaulizana namba za mwaka 1978. Wamechapisha makala, wamefundisha vizazi, wamefiwa na kupona, lakini ile asubuhi ya ujana kwenye chumba cha mtihani bado ndiyo inayosema wao ni nani. Mtu mzima akiniambia namba yake ya JEE namwonea huruma kwa dhati.

Na ukitaka kuelewa kwa nini hawaiachi, uangalie mji wa Kota, Rajasthan. Vijana zaidi ya laki moja huhamia huko kwa tuisheni, wengine wakiwa na miaka 15. Wanaishi peke yao kwenye vyumba vya kupanga vyenye kitanda, meza na ratiba ukutani. Vituo vinawapanga madarasa kwa alama, na mtihani wa majaribio ukienda vibaya mtoto anashushwa darasa, anaachana na rafiki aliyempata mwezi uliopita. Wazazi wameuza shamba au wamekopa. Mwaka 2023 wanafunzi zaidi ya ishirini walijiua Kota, na uongozi wa wilaya ukaagiza feni za dari kwenye mabweni na nyumba za kupanga zifungwe vifaa vya usalama. Bado nina hasira na agizo hilo. Kati ya vyote vilivyowaua wale watoto, kilichokwenda kurekebishwa ni feni.

Kwa hiyo mwenzako wa fleti akijitapa kwa namba yake, usimbeze. Msikilize, halafu muulize alikuwa anakula wapi akiwa Kota na nani alikuwa akimpigia simu jioni. Atanyamaza kidogo, kisha atakueleza mambo ambayo hajawahi kuwaeleza wenzake wa IIT.

Kidato cha masomo

Namba ndiyo inayochagua somo. Wengi wa mia moja wa kwanza hukimbilia kompyuta, na hasa Bombay. Kisha umeme, kisha mitambo, kisha ujenzi na kemia, na huko chini wanakaa watu wa metali, ambao wenzao huwatania kwamba walikwenda kusomea chuma chakavu. Kijana anayependa madaraja anasoma kompyuta kwa sababu namba yake ni nzuri mno kuitupa kwenye madaraja. Anafika Marekani na shahada asiyoitaka, anaanza uzamili wa shahada asiyoitaka, na usiku anatazama video za jinsi nguzo za Golden Gate zilivyosimamishwa.

Sundar Pichai, anayeiongoza Google, alimaliza metali Kharagpur mwaka 1993. Watu wa metali watakutajia jambo hili. Waachie walitaje, ni haki yao.

Jumamosi jioni

Utaalikwa kula, na hapa ndipo mwongozo unahitajika hasa. Fleti ni ya vyumba viwili vya kulala na wanaishi wanne. Mlangoni kuna rundo la viatu. Kochi limeokotwa kando ya barabara mwisho wa muhula, na yupo mtu aliyeligonga nusu siku kuhakikisha halina kunguni. Gunia la mchele limetoka Patel Brothers, duka lililoanza Chicago, Devon Avenue, mwaka 1974, na ambako wewe nawe utakuwa ukienda kutafuta mbaazi, bamia na binzari. Jikoni presha kuka imesafiri kutoka nyumbani ndani ya sanduku, imefungwa kwa nguo ili isigongwe. Mama wa mtu aliisindikiza kwa maelekezo ya filimbi ngapi kwa dengu na ngapi kwa njegere, na maelekezo hayo yamebandikwa kwenye friji.

Kuna mgeni mpya, amefika wiki hii. Wenyeji wamemkalisha katikati ya kochi. Mkubwa wa fleti, mwaka wa nne wa uzamivu, anaanza.

"Kaka, umetokea wapi?"

"Nagpur."

"Ah, NIT Nagpur?"

"Hapana, kaka. Karibu na hapo."

"Sawa, sawa."

Hakuna aliyemtukana. Lakini mkubwa ameshageuza bega kwa jirani wa mgeni, na maongezi yamehama pamoja na bega.

"Na wewe, Kanpur. Namba ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Kompyuta, basi."

"Umeme."

"Umeme! Kwa mia tatu na kumi? Ulijaza fomu vibaya?"

"Niliupenda umeme, kaka."

Kochi zima linacheka. Kijana ametamka jambo la maana kuliko yote yatakayotamkwa jioni hiyo, na limechukuliwa kuwa mzaha. Presha kuka inapiga filimbi ya tatu, mtu anakimbia jikoni, na yule wa karibu na Nagpur anainuka kumfuata, akisema anakwenda kusaidia.

Nawe inuka umfuate. Hii ndiyo kanuni ya Jumamosi, na sina kubwa kuliko hii: yeyote atakayekimbilia jikoni baada ya swali la chuo, mfuate ukakate naye vitunguu. Muulize amekuja kusomea nini. Usimwambie kuwa vyuo si kitu, hajakuomba hukumu. Mkate vitunguu, mrudi na chakula pamoja, na ukae kando yake wakati wa kula ili bega la mkubwa likigeuka tena likukute na wewe.

Swali litakufikia na wewe. Watataka kujua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Nairobi ni kama IIT au ni kama NIT, kwa sababu kweli wanataka kukuweka mahali pazuri kichwani mwao. Usikubali kuwekwa. Waambie unachofanyia utafiti. Na usijifanye mtakatifu, kwa kuwa na sisi tunao watu wazima wanaotaja divisheni wani ya pointi saba kana kwamba waliipata jana, na shule za Ilboru na Alliance bado zinatajwa kwenye misiba.

Vyuo vya Kimarekani na hesabu ya fedha

Orodha ya vyuo vya Marekani utaielewa kwa siku moja. Kwa kompyuta juu kabisa wamekaa MIT, Stanford, Berkeley na Carnegie Mellon, na mwombaji huvipanga vyuo vyake mafungu matatu: vya ndoto, vya kati na vya uhakika. Chuo ulichopo wewe, kwa mtu fulani ni cha uhakika, na atakwambia hivyo mezani.

Penye vituko ni fedha. Mtu wa uzamivu analipiwa ada na anapewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Mtu wa uzamili kwa kawaida anajilipia, tena kwa mkopo wa benki ambao mara nyingi dhamana yake ni nyumba ya wazazi. Basi mwaka wa kwanza wa uzamivu anatembea juu ya mawingu, na wa uzamili anapishana naye kwa adabu. Miaka miwili inapita. Wa uzamili anamaliza, anapata kazi kwenye kampuni kubwa, na sheria inamruhusu kufanya kazi kwa viza yake ya uanafunzi miezi 12, na wa sayansi na uhandisi anaongezewa 24. Ananunua gari. Wa uzamivu bado anapanda basi kwenda maabara, naye sasa ndiye anayeulizwa kwa sauti ya upole kama anamaliza lini. Ngazi imepinduliwa, na waliokuwa juu wanagundua ghafla kwamba fedha si kila kitu.

Usimuulize mtu wa uzamivu anamaliza lini. Wa taifa lolote.

Mbele zaidi iko foleni ya ukaazi wa kudumu, na hiyo haijali chuo. Sheria ya Marekani kwa kawaida haiiruhusu nchi yoyote kupata zaidi ya asilimia 7 ya viza za ukaazi wa kazi kwa mwaka, kwa hiyo waliozaliwa India wanasubiri miaka mingi, wengine makumi. Namba moja wa India nzima na yule wa karibu na Nagpur wamesimama kwenye foleni hiyohiyo, nyuma ya waliotangulia kuomba.

Kinachoulizwa kwa kweli

Hapa sitanii tena. Nafasi kwenye IIT zimetengwa kwa makundi: asilimia 15 kwa Wadalit, wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa, 7.5 kwa watu wa makabila ya asili, 27 kwa tabaka nyingine zilizobaki nyuma, na tangu 2019 asilimia 10 kwa maskini wasio kwenye makundi hayo. Orodha ya namba ipo ya wote, na ipo ya kila kundi. Unapomuuliza mtu alishika namba ngapi na aliingia chuo gani, somo gani, mwenye kuzijua hesabu anaweza kukisia papo hapo aliingilia mlango upi. Swali la akili limekuwa swali la ukoo. Anayeuliza anajua, anayeulizwa anajua, na wewe mgeni uliyekaa na sahani yako ndiye usiyejua.

Mwanaanthropolojia Ajantha Subramanian aliandika historia ya jambo hili kwenye The Caste of Merit, kitabu cha 2019 kinachohusu hasa IIT Madras. Anaonyesha jinsi watoto wa tabaka za juu, ambao koo zao zilikuwa na shule, ofisi na vitabu kwa vizazi, walivyofikia kujiona kuwa wao hawana tabaka, wana uwezo tu, na tabaka ni la wale walioingia kwa nafasi zilizotengwa. Sijasoma maelezo yanayoifungua ngazi hii vizuri zaidi. Mtu aliyesomeshwa na baba mhandisi na babu hakimu anaamini kwa moyo mweupe kwamba amefika kwa jasho lake peke yake. Jasho lilikuwepo, Kota nimeshaieleza. Ila wenzake walianza safari wakiwa mbali mno nyuma yake, na wengine walianza bila viatu.

Msomi mkubwa kuliko wote waliotoka India kwenda ng'ambo alikuwa Mdalit. Bhimrao Ambedkar alifika Columbia, New York, mwaka 1913 akiwa na miaka 22, kwa ufadhili wa Maharaja Sayajirao wa Baroda. Akapata uzamili 1915, akaenda London, na baadaye akawa na udaktari wa Columbia na mwingine wa chuo cha uchumi cha London. Mwaka 1917, akiwa ameshasoma Columbia na London, alirudi Baroda kumtumikia mfadhili wake kama walivyokubaliana. Hakuna nyumba ya wageni iliyotaka kumpokea. Akajificha kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina la Kiparsi. Ofisini makarani walimrushia mafaili mezani ili wasimguse. Siku chache baadaye kundi la wanaume wenye fimbo lilikuja kumtoa, naye akatoka, hana pa kwenda, akakaa kwenye bustani ya mji mpaka saa ya treni ya Bombay. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India. Columbia, London, vitabu vyote vile, havikumpatia kitanda Baroda.

Maswali ya kuchunguza tabaka yamesafiri nje pia. Chuo cha Brandeis kiliongeza tabaka kwenye makatazo yake ya ubaguzi mwaka 2019. Vyuo vya California State vikafuata 2022, na Seattle ikawa mji wa kwanza wa Marekani kuupiga marufuku ubaguzi wa tabaka, Februari 2023. Mwaka huohuo bunge la California lilipitisha sheria kama hiyo, gavana akaikataa. Hatua hizi zilichukuliwa kwa sababu wanafunzi na wafanyakazi walisimama wakaeleza yanayowapata, wengine kwa kujifichua kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanaofanya nao kazi.

Kwa hiyo fuata haya. Usiulize namba, hata kwa utani, hata kama wote wanaulizana. Usiulize jina la ukoo lina maana gani, baba anafanya kazi gani, kwao wanakula nyama au hawali. Maswali haya wewe unaweza kuyaona ya kirafiki, lakini wapo wanaoyajua kama ndoano. Mwenzako akiukwepa ukoo wake, msaidie kuukwepa. Na ukishuhudia mtu akisemwa kwa tabaka lake, maabara au mezani, sema palepale kuwa hutaki kusikia, kisha umuulize aliyesemwa kama anataka mwende pamoja kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia ubaguzi. Wewe huna ukoo ndani ya ngazi yao, na neno lako hawawezi kulitafutia mlango ulioingilia.

Wanawake, na wachumba

Ngazi hii ilijengwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Wasichana walikuwa wachache mno IIT hata mwaka 2018 zikaanza kuongezwa nafasi za ziada kwa ajili yao, lengo likiwa wafike asilimia 20. Mwanamke aliyepanda vidato vyote, mwenye namba nzuri kuliko kaka zake, akifika mwaka wa tatu wa uzamivu anaanza kupigiwa simu na shangazi wanaosema amesoma sana, atapata nani wa kumwoa. Kuna hata mtandao wa wachumba, IITIIMShaadi, unaojieleza waziwazi kuwa ni wa waliosoma vyuo vyenye jina. Mwenzako akikwambia simu imeita na anaomba useme yuko maabara, sema yuko maabara.

Usipigane kwa majina makubwa

Utashawishika kuwanyamazisha wakubwa wa kochi kwa mifano. Ipo mingi. Satya Nadella wa Microsoft alisoma Manipal, kisha Wisconsin, na si kule Madison kwenye jina bali Milwaukee. Venkatraman Ramakrishnan hakupata nafasi IIT, akasoma fizikia Baroda, kwenye chuo chenye jina la yuleyule Maharaja Sayajirao, akachukua udaktari Ohio University mwaka 1976, mahali ambapo wakubwa wa kochi hawawezi hata kupaonyesha kwenye ramani. Kisha akaona kinachomvutia ni biolojia, akarudi kuwa mwanafunzi San Diego akiwa tayari ni daktari. Mwaka 2009 alipewa Nobel ya kemia pamoja na Thomas Steitz na Ada Yonath kwa kazi yao juu ya ribosomu, na baadaye akawa rais wa Royal Society.

Ni hadithi nzuri, na ile ya kuanza upya San Diego naipenda kuliko Nobel yenyewe. Lakini ukiitumia kama fimbo unakuwa umeongeza kidato kingine tu juu ya vile vilivyopo. Yule kijana wa karibu na Nagpur huenda asipate Nobel. Huenda akawa mhandisi wa kawaida, mwenye kazi nzuri na mkopo uliolipwa, na bado anastahili kula dengu yake Jumamosi bila kuhojiwa.

Badala ya kubishana, jiunge na kazi yao iliyo bora. Kila Agosti vyama vya wanafunzi wa Kihindi hukusanya orodha ya ndege za wageni. Watu wanaendesha usiku kwenda uwanjani kumpokea mtu wasiyemjua, wanabeba masanduku yake mawili, wanampa kochi mpaka apate chumba, wanampeleka benki na kumwonyesha basi. Orodha ina jina, saa ya ndege na idadi ya mizigo. Namba ya JEE haimo. Wanaoendesha ni walewale wa kwenye kochi, na wakiwa barabarani usiku wa manane wanakuwa watu wengine kabisa. Kama una leseni, jiandikishe.

Kwa wa Bweleo

Tangu 2023 jambo hili si la ughaibuni tu. IIT Madras imefungua tawi Zanzibar, Bweleo, la kwanza la IIT yoyote nje ya India, likianza na masomo ya sayansi ya data na akili bandia, na aliyekabidhiwa kuliongoza, Preeti Aghalayam, ni mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT. Vijana wetu wanaingia kwa mtihani wao wa mchujo na usaili, si kwa JEE. Baadhi yao watakwenda kusoma zaidi Marekani, Ujerumani au India yenyewe, na watakalishwa kwenye kochi.

Mdogo wangu wa Bweleo, watakuuliza kama IIT yako ni IIT kweli. Wengine watauliza kwa sababu hawajui, wengine kwa sababu wamelinda herufi zile maisha yao yote na hawataki kuziona zikivuka bahari. Usitoe cheti, wala usianze kujitetea. Waeleze mradi wako wa mwaka wa mwisho: data ulizitoa wapi, modeli ilikosea wapi, uliirekebisha vipi. Kisha mgeukie uliyekaa naye umuulize utafiti wake umekwama wapi wiki hii. Akiwa mwanasayansi wa kweli atasahau kwamba alikuwa anakupima, atatafuta kalamu na karatasi. Wa aina hiyo ni wengi kuliko unavyodhani, na ndio utakaofanya nao kazi.